Jacques Monod: Mpinzani Anayestahili Kusomwa



Wasomaji wa safu hii wamezoea kukutana na wanasayansi waliokuwa watu wa Kanisa: Abate Gregor Mendel na njegere zake, Padre Georges Lemaître na hesabu zake kuhusu chanzo cha ulimwengu. Safari hii tunamleta mtu wa aina nyingine. Jacques Monod hakumwamini Mungu, na katika kitabu chake mashuhuri alijaribu kuonyesha kwamba sayansi ya seli imeifunga milango ya imani. Hata hivyo yeye ndiye, pamoja na wenzake, aliyetufundisha jinsi jeni inavyowashwa na kuzimwa. Vijana wetu wanaosoma biolojia vyuoni wanakutana na fundisho lake kila siku, na baadhi yao hurudi likizo wakiwa na maswali aliyoyauliza yeye. Padre asiyemjua Monod atawajibu nini? Ndiyo sababu tunasimulia maisha yake, tuone alichogundua, alichokosea, na mahali ambapo imani inaweza kuzungumza naye bila woga.

Utoto kati ya picha na muziki

Jacques Lucien Monod alizaliwa Paris tarehe 9 Februari 1910. Baba yake, Lucien Monod, alikuwa mchoraji kutoka ukoo wa Kiprotestanti uliotoa wachungaji, madaktari na walimu wengi. Mama yake, Charlotte MacGregor Todd, alikuwa Mmarekani kutoka Milwaukee. Mwaka 1917 familia ilihamia kusini mwa Ufaransa, mjini Cannes, karibu na bahari. Huko kijana Jacques alijifunza kupiga sello, na akampenda sana Bach. Baba yake alikuwa msomaji wa Darwin, na kupitia kwake mtoto akapata hamu ya kujua viumbe.

Akiwa bado mdogo aliugua polio, na mguu wake mmoja ukabaki dhaifu maisha yake yote. Lakini hakukubali kuwekwa kando. Alipanda milima, aliendesha mashua za tanga, na alitembea akichechemea kwa kasi iliyowashangaza waliomfahamu.

Mwaka 1928 alikwenda Paris kusoma sayansi. Alikuja kusema baadaye kwamba masomo ya chuo hicho yalikuwa nyuma ya wakati, na kwamba walimu wake wa kweli aliwapata katika kituo cha viumbe vya bahari cha Roscoff, pwani ya Bretagne. Huko Georges Teissier alimfundisha kupima na kuhesabu, André Lwoff akamwonyesha ulimwengu wa vijidudu, na Boris Ephrussi akamfungulia mlango wa elimu ya urithi.

Mwaka 1934 alisafiri hadi Greenland akiwa mtaalamu wa viumbe katika meli ya utafiti iliyoitwa Pourquoi-Pas?, chini ya nahodha Charcot. Mwaka 1936 alikuwa na nia ya kwenda tena, lakini Ephrussi akamshawishi waende pamoja California kujifunza jeni katika maabara ya Thomas Hunt Morgan. Septemba mwaka huo meli ile ilizama karibu na Aislandi, na wote waliokuwamo wakafa isipokuwa mtu mmoja. Monod alibaki hai kwa sababu ya shauri la rafiki. Mtu aliyekuja kuandika kitabu juu ya bahati nasibu alikuwa ameionja katika maisha yake mwenyewe.

Hata hivyo huko California muziki ulimvuta kuliko jeni. Aliongoza kwaya na okestra, akafikiri kuufanya muziki kuwa kazi yake. Mwishowe alirudi Paris kumaliza shahada ya udaktari. Mwaka 1938 alimwoa Odette Bruhl, msomi wa sanaa za Asia, na mwaka uliofuata wakajaliwa wana pacha, Olivier na Philippe.

Swali la sukari mbili

Utafiti wake wa udaktari ulikuwa juu ya jambo dogo. Aliwalisha bakteria aina ya Escherichia coli, ambao huishi katika utumbo wa binadamu, kwa sukari za aina mbalimbali, kisha akapima kasi yao ya kuongezeka. Alipowapa sukari moja, walikua kwa mwendo mmoja. Alipochanganya glukosi na laktosi, yaani sukari ya maziwa, aliona kitu cha ajabu. Bakteria walikua haraka, wakasimama kwa muda, kisha wakaanza kukua tena.

Maelezo ya kusimama huko yalikuja kumchukua miaka ishirini. Bakteria walikuwa wanakula glukosi kwanza na kuiacha laktosi. Glukosi ilipokwisha, ndipo walipotengeneza kimeng'enya cha kukata laktosi, na kazi hiyo ilihitaji muda. Lakini kiumbe cha seli moja, kisicho na ubongo wala macho, kinajuaje sukari gani ipo? Na kinajuaje lini kitengeneze chombo cha kuila? Mwishoni mwa 1940 Monod alimwonyesha Lwoff michoro yake, na Lwoff akamwelekeza kwenye suala la vimeng'enya vinavyotokea pale tu vinapohitajika. Tasnifu ilikubaliwa mwaka 1941. Kwa wengi ilionekana kuwa kazi isiyo na mbele.

Vita na mifupa ya twiga

Wakati huo Paris ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Odette alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, hivyo hatari ilikuwa nyumbani kwake. Kwa sababu ya mguu wake Monod angeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alijiunga na upinzani mapema, akiwa na uhusiano na kundi la wasomi wa Musée de l'Homme, ambao viongozi wake walikamatwa na kupigwa risasi Februari 1942. Baadaye aliingia katika wapiganaji wa Francs-Tireurs et Partisans, walioongozwa na Wakomunisti, na kwa muda akawa mwanachama wa chama hicho.

Nyaraka za siri alizificha ndani ya mifupa ya mguu wa twiga aliyewekwa kwa maonyesho Sorbonne, karibu na maabara yake. Gestapo walipoanza kumtafuta, aliihama maabara hiyo. Lwoff akampa nafasi ya kufanyia majaribio darini katika Institut Pasteur, na usiku akalala katika nyumba za watu mbalimbali. Wenzake kadhaa walikamatwa, naye akapanda ngazi hadi kuwa mmoja wa maofisa wakuu wa operesheni katika makao makuu ya majeshi ya ndani ya Ufaransa. Alishughulikia silaha zilizodondoshwa kwa parachuti, mashambulizi ya reli, na maandalizi ya kuikomboa Paris Agosti 1944. Baada ya vita alipewa nishani na Ufaransa na Marekani.

Urafiki wake na Chama cha Kikomunisti haukudumu. Mwaka 1948 serikali ya Kisovyeti ilipitisha mafundisho ya Trofim Lysenko kuwa biolojia rasmi na kuipiga marufuku elimu ya jeni. Nikolai Vavilov, mtaalamu mkubwa wa mimea, alikuwa tayari amefia gerezani mwaka 1943. Septemba 1948 Monod aliandika katika gazeti la Combat akimshambulia Lysenko waziwazi, ingawa alijua atapoteza marafiki wengi. Wakati huohuo akawa rafiki wa mwandishi Albert Camus. Mwaka 1960 alisaidia kupanga kutoroshwa kwa mwanabiolojia Agnes Ullmann na mumewe kutoka Hungaria. Walivuka mpaka wakiwa wamefichwa ndani ya trela la kupigia kambi. Tuyakumbuke haya tutakapofika kwenye kitabu chake.

Ncha mbili za ukumbi

Mwaka 1945 Monod aliingia rasmi Institut Pasteur, katika idara ya Lwoff iliyokuwa darini. Upande mmoja wa ukumbi yeye alichunguza bakteria na laktosi. Upande wa pili Lwoff, na baadaye François Jacob, walichunguza virusi vinavyolala ndani ya bakteria na kuamka ghafla. Jacob alikuwa daktari wa majeshi ya Ufaransa Huru aliyejeruhiwa vibaya Normandie mwaka 1944. Majeraha yalimzuia kuwa mpasuaji, akageukia utafiti. Kwa miaka mingi pande hizo mbili zilidhani zinafanya kazi tofauti.

Monod kwanza aliamini kwamba laktosi inapoingia katika seli humsaidia mtengenezaji wa kimeng'enya, kana kwamba sukari ndiyo inayokipa kimeng'enya umbo lake. Wazo hilo lilikuwa kosa. Mwaka 1957 na 1958, pamoja na Jacob na Mmarekani Arthur Pardee, walifanya jaribio lililojibu swali. Bakteria wanaweza kupeana urithi: mmoja huingiza DNA yake ndani ya mwingine. Walichukua bakteria ambaye jeni zake za laktosi zilikuwa nzima, wakamwacha aziingize katika bakteria ambaye zake zilikuwa zimeharibika. Hawakuweka laktosi wala kitu kinachofanana nayo. Ndani ya dakika chache kimeng'enya kilianza kutengenezwa bila kuamshwa na chochote. Baada ya saa moja na kitu uzalishaji ukakoma.

Maana yake ilikuwa wazi. Mpokeaji hakuwa na kitu cha kuizuia jeni, kwa hiyo jeni mpya ilifanya kazi mara moja. Lakini pamoja nayo iliingia jeni nyingine inayotengeneza kizuizi, na kizuizi kilipokwisha kujaa ndani ya seli, kazi ikafungwa. Kwa hiyo laktosi haiamrishi kazi ianze. Inachofanya ni kukiondoa kizuizi.

Katikati ya mwaka 1958 Jacob, akiwa amekaa sinema Paris, aliona kwamba virusi vilivyolala na jeni za laktosi ni habari moja: vyote hufungwa na kizuizi kinachokaa juu ya DNA yenyewe. Ncha mbili za ukumbi zikakutana. Mwaka 1961 Jacob na Monod walichapisha makala kubwa iliyoweka mpango wote pamoja. Jeni kadhaa zinazofanya kazi moja hukaa mfululizo chini ya swichi moja, na kundi hilo wakaliita operoni. Habari ya jeni hunakiliwa kwanza katika RNA mjumbe, ambayo haidumu. Kizuizi hushika mahali maalumu mwanzoni mwa kundi na kuzuia unukuzi huo usianze.

Kabla ya hapo jeni zilieleweka kama orodha ya vifaa. Sasa ilionekana kwamba katika orodha hiyo zimo pia kanuni za lini kila kifaa kitumike. Ndivyo seli ya ini na seli ya jicho zinavyoweza kuwa na DNA ileile na bado zikatofautiana kabisa. Mwaka 1965 Lwoff, Jacob na Monod walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Umbo la kizuizi

Kizuizi hicho kilikuwa kitu gani? Mwaka 1961 Jacob na Monod walielekea kudhani kuwa ni RNA. Mwaka 1966 Walter Gilbert na Benno Müller-Hill, huko Harvard, walikinasa na kuonyesha kwamba ni protini. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kwa sababu kila seli ina vizuizi kama kumi tu, na hivyo kumi vinatakiwa kupata mahali pao katika DNA yenye herufi zaidi ya milioni nne na nusu.

Hapo likaingia wazo lingine la Monod, ambalo yeye mwenyewe alijivunia sana. Kuanzia 1963, pamoja na Jean-Pierre Changeux na Jacob, na mwaka 1965 pamoja na Jeffries Wyman na Changeux, alieleza kwamba protini nyingi zimeundwa kwa vipande kadhaa vinavyofanana na vilivyoungana, na kwamba muungano huo una maumbo mawili. Molekuli ndogo ikishika upande mmoja, vipande vyote hubadili umbo kwa pamoja, na upande wa pili wa protini hupata au hupoteza uwezo wake. Jambo hili huitwa alosteria. Himoglobini ya damu yetu hufanya hivyo inapobeba oksijeni.

Monod hakuishi kuiona picha kamili ya kizuizi cha laktosi. Ilichapishwa mwaka 1996 na Mitchell Lewis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, baada ya kuipata protini katika hali ya fuwele na kuipiga kwa mionzi ya eksirei. Kizuizi kina vipande vinne vinavyofanana, kila kimoja chenye asidi amino 360. Vimeungana viwiliviwili, na jozi hizo zimeshikana upande mmoja hadi kitu kizima kinafanana na herufi V. Kila jozi ina vichwa viwili vinavyoingia katika mfereji wa DNA na kuzitambua herufi zake. Kwa kuwa jozi ni mbili, kizuizi kimoja kinaweza kushika DNA mahali pawili kwa wakati mmoja na kuipinda iwe kitanzi. Sukari inapoingia katika kiini cha protini, sehemu zake husogea kidogo, vichwa vinapoteza mpangilio wake, na mkono unaachia. Ndipo polimerasi, protini inayonukuu jeni, inapata njia.

Na lile swali la kwanza, kwa nini glukosi huliwa kwanza? Glukosi ikiwepo, laktosi yenyewe huzuiwa kuingia katika seli. Zaidi ya hapo ipo protini ya pili, yenye vipande viwili, ambayo kazi yake ni kuialika polimerasi. Glukosi inapopungua, molekuli ndogo iitwayo AMP ya mzunguko huongezeka na kuishika protini hiyo. Nayo hushika DNA na kuikunja karibu nyuzi 90, ikiisaidia polimerasi kukaa mahali pake. Mmoja anafunga, mwingine anaalika, na seli huamua kwa kuwasikiliza wote wawili.

Monod alipenda kudai kwamba yaliyo kweli kwa bakteria yatakuwa kweli pia kwa tembo. Hapa alipatia nusu. Kanuni ni ileile, lakini katika seli zetu mitambo ni mikubwa zaidi. Polimerasi inayonukuu jeni zetu za protini ina vipande 12, na huzungukwa na makundi mengine ya protini, likiwamo moja lenye vipande zaidi ya ishirini linalobeba ujumbe kutoka sehemu za mbali za DNA. Roger Kornberg alipata Nobel mwaka 2006 kwa kuichunguza mitambo hii.

Wafugaji wa Afrika Mashariki wana sehemu katika habari hii. Watoto wote wachanga wana kimeng'enya cha kukata laktosi, lakini kwa watu wengi duniani jeni yake hufifia baada ya utoto, na maziwa mabichi huwasumbua tumbo. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff, iliyowapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, ilionyesha kwamba wengi wa jamii za ufugaji wana badiliko dogo linaloifanya jeni hiyo iendelee kufanya kazi ukubwani. Badiliko lililoenea zaidi Tanzania na Kenya halimo ndani ya jeni yenyewe. Limo umbali wa herufi 14,010 kabla yake, mahali ambapo protini hushika ili kuongeza unukuzi, na ni tofauti na lile la Wazungu. Mzee wa Kimaasai anayekunywa kibuyu cha maziwa bila shida anaishi kwa swichi ya aina ileile aliyoitafuta Monod.

Kitabu cha mwaka 1970

Mwaka 1967 Monod alikuwa profesa wa Collège de France. Mwaka 1970 alitoa kitabu juu ya bahati nasibu na ulazima, kilichouzwa kwa wingi ajabu kwa kitabu kinachozungumzia vimeng'enya na protini. Tueleze hoja yake kwa haki.

Alianza na kitu alichokiona maabara. Bakteria anaweza kudanganywa: ukimpa molekuli inayofanana na laktosi lakini isiyoliwa, atatengeneza kimeng'enya kwa wingi bila faida yoyote. Kwa hiyo, alisema, hakuna ulazima wa kikemia kati ya ishara na kazi inayoamshwa. Ishara yoyote ingeweza kuunganishwa na kazi yoyote, mradi protini iwe na umbo linalofaa. Muungano uliopo umechaguliwa na historia ya viumbe. Historia hiyo nayo, alisema, inatokana na makosa ya kunakili DNA yanayotokea bila kukusudiwa, kisha yanahifadhiwa kama yanafaa. Kutoka hapo akaruka hadi hitimisho kubwa: kwamba binadamu hakutakiwa na yeyote, yuko peke yake katika ulimwengu usiomjali, na dini zote, pamoja na Umarx, ni hadithi za kale za kujifariji. Akapendekeza maadili mapya yenye msingi mmoja tu, nao ni uchaguzi wa kutafuta maarifa ya kweli.

Msimamo huo ulikuwa na matunda yake. Mwaka 1972 alitoa ushahidi katika kesi ya Bobigny akiunga mkono kulegezwa kwa sheria ya utoaji mimba, na mwaka 1974 alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi tamko la kutetea kifo cha huruma. Katika hayo Kanisa haliwezi kwenda naye, na si vizuri kuyafunika kwa sababu ya sifa zake.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1971 alikubali kuwa mkurugenzi wa Institut Pasteur, iliyokuwa katika shida kubwa ya fedha. Mtu aliyependa maabara alitumia miaka yake ya mwisho katika mikutano ya bajeti. Odette alifariki mwaka 1972. Damu yake mwenyewe ikaanza kuugua, na mwishowe ikawa saratani ya damu. Alifariki Cannes, mji wa utoto wake, tarehe 31 Mei 1976, akiwa na umri wa miaka 66.

Baada ya kifo chake kazi yake iligeuka dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanasayansi wa Marekani waliweka jeni ya insulini ya binadamu katika bakteria, chini ya swichi ileile ya laktosi, na mwaka 1982 insulini hiyo ikaidhinishwa. Wagonjwa wengi wa kisukari, wakiwamo wa parokia zetu, wananufaika na njia iliyofunguliwa na swali la sukari mbili.

Tumjibuje?

Jibu la kwanza lisilofaa ni kuikataa sayansi yake. Kizuizi kipo, umbo lake limeonekana, na anayepinga hilo ataiaibisha imani mbele ya mwanafunzi wa kidato cha sita. Jibu la pili lisilofaa ni kumtafutia Mungu nafasi katika mambo ambayo sayansi bado haijayaeleza. Mungu wa namna hiyo hupungua kila maabara inapofanya kazi yake.

Njia nzuri ni kutazama mahali aliporuka. Neno bahati nasibu katika maabara lina maana ndogo na halali: badiliko la DNA halitokei kwa kuangalia faida ya kiumbe. Kusema kwamba hakuna kusudi lolote juu ya historia nzima ni jambo jingine, ambalo hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kulifikia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilishughulikia jambo hili miaka mia saba kabla ya Monod. Katika kitabu cha tatu cha Summa contra Gentiles, sura ya 74, anafundisha kwamba maongozi ya Mungu hayaondoi bahati katika vitu. Mungu ni sababu ya kwanza, naye huzipa sababu za pili uwezo wa kweli, zile za lazima na zile zinazoweza kwenda huku au kule. Tume ya Kitaalimungu ya Kimataifa ilirudia fundisho hilo mwaka 2004 ilipozungumzia mageuko ya viumbe. Na Kardinali Joseph Ratzinger, alipohubiri Kwaresima ya mwaka 1981 katika kanisa kuu la München, alimtaja Monod kwa jina, akaeleza hoja zake kwa uaminifu, kisha akauliza kama mpango unaoonekana katika viumbe unaweza kweli kuwa mkusanyiko wa makosa ya kunakili na basi.

Jambo la pili Monod alilikiri mwenyewe: uamuzi wa kutafuta ukweli hautoki katika sayansi. Ni uchaguzi wa maadili unaoitangulia. Basi chini ya jengo lake lote kuna thamani ambayo jengo haliwezi kuieleza. Kwa nini ukweli ni bora kuliko uongo unaofariji? Kwa nini mtu ahatarishe maisha yake kwa ajili ya Paris, au kwa wanandoa wa Hungaria waliofichwa katika trela? Hakuna protini inayomwamuru mtu hivyo. Sisi tunaamini kwamba sauti aliyoitii katika miaka ile ilikuwa ya dhamiri, na kwamba dhamiri ina Mwenyewe.

Hilo tulisemalo si la kumteka marehemu tumfanye Mkristo kwa siri. Hakuwa, na angekasirika kusikia hivyo. Tunalisema kwa ajili ya yule kijana anayerudi likizo na kitabu mkononi. Tusimnyang'anye kitabu. Tukisome pamoja naye hadi ukurasa wa mwisho, tumwonyeshe kinapoishia kipimo na inapoanzia falsafa, na tumwambie kwamba Kanisa halina sababu ya kuogopa ukweli wowote uliopatikana kwa kazi ya uaminifu. Kwa frateri anayejiandaa kwa upadre, kazi hiyo huanzia katika masomo ya falsafa anayosoma sasa.